Milimita Nne

Mwanamke aliyebisha hodi kwa Mwalimu Skolastika asubuhi ile ya Juni, mwaka 2002, alikuwa na rula ya chuma mkononi. Mwembamba, umri wa miaka thelathini hivi, kitenge chake kimefifia kwa kufuliwa lakini kimenyooshwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu. Naitwa Merina. Nakaa Kasingirima kwa shangazi yangu. Nilivuka ziwa mwezi wa tatu, kutoka Uvira."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani."

Merina aliketi ukingoni mwa kiti, akafungua leso, akatoa tepe mbili za karatasi na kuzilaza mezani.

"Nisamehe kwa ninalotaka kusema," alisema. "Tepe hizi zote ni za kwako. Hii ya zamani inasema kweli. Hii mpya inasema uongo."

Mwalimu Skolastika hakuwa amezoea kuambiwa hivyo. Alifundisha hisabati miaka thelathini na mmoja, na pale mtaani kwake Katubuka, mjini Kigoma, hata muuza nyama alikuwa akimpa kisu na mizani ajipimie mwenyewe ili kukwepa mabishano. Alipostaafu, mwanawe Bariki, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, alimletea kompyuta na printa ya wino, akaviweka chumba cha mbele. Mwanzoni alikuwa akichapa ratiba za misa na kadi za harusi. Ndipo boti za kutoka Kongo zikazidi. Familia zilishuka na mabegi na watoto, nyingine zikaenda kambini, nyingine zikapokewa na ndugu zao Ujiji na Kasingirima, watu kumi na watano chumba kimoja.

Muuguzi Frida, aliyekuwa na zahanati ndogo upande ule, akaunda kikundi cha akina mama wa kupita uani kwa uani kuwapima watoto mikono. Mtoto huvishwa tepe katikati ya mkono wa juu, halafu inasomwa namba: akiwa chini ya sentimita kumi na moja, amedhoofu vibaya, anaandikwa kwa rangi nyekundu na kupewa maziwa maalumu. Tepe zilipowaishia, Frida alikuja kwa Mwalimu na moja iliyobaki, chakavu, akauliza kama mashine yake inaweza kutoa nyingine. Mwalimu aliichora kwenye kompyuta mstari kwa mstari, akachapa ishirini kwenye karatasi ngumu, akazipima kwa rula, akazifunika selotepu ili jasho lisiyeyushe wino. Frida alifurahi hadi akamkumbatia. Baadaye zikatakiwa nyingine arobaini, akazichapa pia.

Sasa binti huyu kutoka ng'ambo anasema ni uongo.

"Nilizipima mwenyewe," Mwalimu alisema.

"Zile ishirini za kwanza?"

"Ndiyo."

"Na hizi arobaini?"

Mwalimu alitupia jicho kompyuta. Mchoro ulikuwa uleule, mashine ileile. Nani anapima mara mbili kitu kilichokwisha pimwa?

Merina alisogeza rula kando ya tepe mpya. Sifuri ikakaa kwenye sifuri, tano kwenye tano, tisa kwenye tisa. Kisha kumi ya karatasi ikaangukia mbele ya kumi ya chuma. Kumi na moja vilevile, na kumi na mbili, zote zimesogea mbele milimita nne, kana kwamba kuna mtu aliyeinyoosha karatasi kati ya tisa na kumi tu.

"Mtoto mwenye sentimita kumi na moja na milimita mbili," Merina alisema polepole, "hapa anasoma kumi na milimita nane. Anaandikwa nyekundu. Wiki mbili zilizopita nyekundu walikuwa tisa. Sasa ni thelathini na mmoja. Mama Frida analia, anasema njaa imeingia. Mimi nilikuwa fundi wa maabara, Mwalimu. Kule labo mkuu wetu alikuwa akituambia: wagonjwa wote wakiugua ugonjwa mmoja siku moja, kabla hujawahurumia, kagua mashine."

"Na maziwa?"

"Njo vile, hapo ndipo penye shida. Ya watu tisa wanagawana thelathini na mmoja. Yule aliyedhoofu kweli anapata kijiko."

Mwalimu Skolastika alihisi uso ukimwaka. Alichukua rula akapima mwenyewe, akageuza tepe, akapima tena. Milimita nne. Aliinuka, akawasha kompyuta, akachapa ukurasa mpya mbele ya mgeni wake. Printa ikanguruma, kichwa chake kikaenda na kurudi, karatasi ikatoka. Milimita nne palepale, kati ya tisa na kumi.

Wakamwita fundi Pastory wa Gungu, aliyekuwa akitengeneza redio na siku hizo ameanza na kompyuta. Alifika kwa baiskeli saa nne. Kwa sauti ya mtu aliyeona mengi alisema kwamba hiyo ni kawaida ya printa za wino: vitundu vya katriji vimeziba. Akatoa katriji, akazikandamiza kwenye pamba iliyoloweshwa maji ya vuguvugu hadi zikaacha alama safi, akazirudisha. Saa sita wakachapa. Merina akaweka rula. Kila namba ilikaa mahali pake.

"Mnaona?" alisema Pastory, akifuta mikono.

Kesho yake, umeme uliporudi saa kumi na mbili alfajiri, Mwalimu alichapa ukurasa kabla hata ya kunywa chai. Milimita nne.

Pastory akarudi saa nne na katriji mpya. Wakaifunga, akairekebisha mashine kwa zile kurasa zake za majaribio zenye mistari na vimiraba, na adhuhuri printa ikachapa sawasawa. Asubuhi ya tatu, milimita nne. Safari hii Pastory akasema ni umeme, unapanda na kushuka kama bei ya dagaa. Akaja na kifaa cha kutuliza umeme, akakichomeka, na saa sita mambo yakawa mazuri. Asubuhi ya nne, milimita nne.

"Mwalimu," Pastory alisema, amekaa kwenye ngazi ya baraza, "kuna mashine zinazotengenezeka na kuna za kuombea. Hii uiweke kabatini."

Siku zote hizo tatu Merina hakuingilia kati. Alikuwa akija kutoka Kasingirima kwa miguu, anasimama nyuma ya Pastory, anatazama. Sasa akauliza: "Fundi, nikijaribu mimi utanikasirikia?"

"Nikukasirikie kwa lipi, dada? Jaribu."

Kwa maisha yake yote Mwalimu Skolastika alikuja kukumbuka jinsi mwanamke yule alivyoianza kazi. Hakugusa mashine. Aliomba daftari. Akachora safu: saa, amebadilisha nini, kosa liko wapi, kosa ni kubwa kiasi gani. Mwalimu, aliyekwisha kuwafundisha watoto maelfu kuchora safu kama hizo bila kuwaona wakizitumia kwa jambo lolote la dunia hii, alivuta kiti akakaa karibu.

"Kitu kimoja kwa mara moja," Merina alisema. "Ukibadilisha viwili, hujui kipi kimejibu."

Kwanza alimwomba Mwalimu ausogeze mchoro kwenye kompyuta sentimita tatu kuelekea kulia. Wakachapa. Kosa likatokea, lakini safari hii halikuwa kati ya tisa na kumi. Lilikuwa kati ya sita na saba. Merina akapima kutoka ukingoni mwa karatasi, akalinganisha na kurasa za jana.

"Angalia, Mwalimu. Mchoro umehama, kosa halikuhama. Liko palepale kwenye mashine. Mchoro wako hauna hatia."

Mwalimu alihema. Hakujua kuwa alikuwa amebeba mzigo huo tangu siku ile ya kwanza.

Kisha Merina akaacha kubadilisha chochote kabisa. Alichapa ukurasa uleule, karatasi ileile, saa kumi na mbili, saa moja, saa mbili, hadi umeme wa mgao ulipokatika saa saba. Kati ya ukurasa na ukurasa alimsaidia Mwalimu kuchambua dagaa. Hakuonyesha haraka. Siku mbili alifanya hivyo. Pastory, aliyepita kuona imekuwaje, aliangalia daftari kwa muda mrefu, kisha akakaa naye.

Saa kumi na mbili: milimita nne. Saa moja: nne. Saa mbili: tatu. Saa tatu: mbili. Saa nne: moja. Saa tano na kuendelea: hakuna. Siku ya pili vilevile, ila asubuhi hiyo ilikuwa na baridi zaidi na kosa lilikuwa limekaribia tano.

"Kwa hiyo kila ulipotengeneza, fundi," Merina alisema asubuhi iliyofuata, bila kejeli, "ulikuwa unafika saa nne. Jua lilikuwa limekwisha kukutangulia."

Pastory alikuna kichwa. "Bati linapata moto," alisema. "Chumba kinapata moto. Lakini kwa nini mashine ipende joto?"

"Mashine haipendi joto. Ndani kuna kitu kinachoganda kwa baridi na kuyeyuka kwa joto." Merina akafunga daftari. "Ni kitu gani hicho, sijui. Mwalimu, kuna mtu aliwahi kutia chochote humu?"

"Hapana," alisema Mwalimu Skolastika.

Neno lilitoka kabla hajaliita. Akainuka, akasema anakwenda kutazama mboga, akaingia jikoni.

Mboga haikuwa motoni. Kwenye rafu, kando ya chungu cha chumvi, ilisimama chupa ya mawese, na kwa kuwa ilikuwa bado asubuhi, mafuta yale mekundu yalikuwa yameganda mazito, yana mawingu, kama yagandavyo kila jikoni la Kigoma mwezi wa sita. Yakishapigwa na jua hurudi kuwa maji. Alijua tangu Merina alipotamka neno kuganda. Wiki tatu nyuma, kabla ya kuchapa zile arobaini, kichwa cha printa kilikuwa kikilia kwenye ile fimbo ya chuma kinayotelezea, mlio wa kukera meno. Mafuta ya cherehani yalikuwa yamekwisha. Akachukua unyoya wa kuku, akauchovya kwenye chupa hii hii, akaupitisha kwenye chuma. Mlio ukanyamaza, na yeye akajiona hodari.

Sasa alisimama pale akiwasikia wale wawili wakizungumza kwa sauti ndogo chumba cha mbele. Pastory alikuwa akisema atafungua mashine nzima, skrubu moja moja. Merina alikuwa akimwambia asubiri, wafikiri kwanza. Mwanamke aliyepoteza nyumba na kazi yake, ambaye kila siku alitembea kutoka Kasingirima kuja kunyoosha kosa la mtu mwingine, alikuwa tayari kukaa siku nyingine mbili akichapa kurasa kila saa, kwa sababu mwalimu wa hisabati ameona aibu.

Alitoka na chupa mkononi, akaiweka mezani.

"Nimekudanganya, Merina. Ni mimi. Nilipaka haya kwenye chuma, kwa unyoya."

Pastory akasogea kuona. Merina aliitazama chupa, akaiinamisha, akayaona mafuta yakisita kusogea. Uso wake ukafunguka taratibu, na hakukuwa na lawama ndani yake hata chembe.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Umeniokolea siku mbili."

"Usinishukuru. Nilipaswa kusema tangu mwanzo."

"Kule labo niliwahi kuvunja kioo cha hadubini nikanyamaza mwezi mzima. Wewe umenyamaza dakika tano." Akavuta printa karibu, akafungua kifuniko, akaomba tochi. "Fundi, njoo unifundishe. Mafuta yako kwenye chuma, sawa. Lakini chuma kingefanya kichwa kiteleze vizuri tu. Kwa nini kinakosea?"

Pastory akainama, na ikawa zamu yake kung'amua. Juu ya fimbo ya chuma, sambamba nayo, ulikuwa umevutwa ukanda mwembamba wa plastiki ang'avu, usioonekana hadi umulikwe.

"Huu," alisema. "Huu una mistari myembamba kuliko unywele. Kichwa kina jicho dogo, linahesabu mistari ili kijue kimefika wapi. Mistari ikizibwa, hakihesabu. Kimeshapita, lakini kinadhani bado hakijafika."

Merina alisogeza tochi. Mahali pamoja tu kwenye ukanda ule palikuwa na doa la rangi ya chungwa, upana wa punje ya mchele. Unyoya ulikuwa umegusa pale ulipokuwa ukipita. Asubuhi doa lilikuwa utando mzito, jicho halipenyi. Adhuhuri lilikuwa maji, mwanga unapita.

Pastory akatoa chupa ya spiriti mfukoni. Merina akamzuia kwa kidole. "Mistari hii imechorwa kwa kitu gani, unajua? Mimi sijui. Spiriti inaweza kuifuta, na hapo ndipo tutaiombea kweli." Akaomba maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo na kipande cha kitambaa cha pamba kilichochoka. Kwanza alijaribu mwishoni kabisa mwa ukanda, mahali kichwa kisipofika, akamulika, akahakikisha mistari ipo. Ndipo akaushika ukanda kwa vidole viwili, kama linavyoshikwa sikio la mtoto anayeoshwa, akafuta doa. Akafuta tena kwa maji matupu. Akakausha. Fimbo ya chuma nayo Pastory akaisugua hadi kitambaa kikatoka cheupe.

Ilikuwa saa nne. Wakachapa, ikawa sawa. Mwalimu akataka kupiga vigelegele.

"Bado," Merina alisema. "Jua lilikwisha kutudanganya mara tatu. Kesho saa kumi na mbili."

Kesho yake alfajiri walikutana watatu chumba cha mbele, Mwalimu amejitanda khanga mbili kwa baridi, Pastory ametoka Gungu bila kunywa chai. Umeme ukaja. Karatasi ikatoka. Merina aliweka rula, akamwachia Mwalimu asome.

"Tisa kwenye tisa," alisoma Mwalimu Skolastika. "Kumi kwenye kumi. Kumi na moja kwenye kumi na moja." Akarudia namba ya mwisho.

Siku ile walichapa tepe hamsini. Kila moja ilipimwa kwa rula, ikapewa namba nyuma. Zile arobaini zikakusanywa, Frida akahesabu hadi ya mwisho, zikachomwa jikoni kwa Mwalimu. Halafu ikabaki kazi iliyokuwa ngumu kuliko printa: watoto thelathini na mmoja wapimwe upya, na mama zao waelezwe.

Frida alitaka kusema tu kwamba kuna vipimo vipya. Mwalimu akakataa. Alisimama barazani mwa zahanati mbele ya wanawake wa Uvira na Baraka kule Kongo na wa palepale mjini, wengine wamekaa chini miguu wameinyoosha, akawaambia kwamba tepe zilikuwa zake, kosa lilikuwa lake, na kosa lenyewe lilikuwa mawese. Bibi mmoja akacheka kwa sauti, wengine wakafuata. Merina alikuwa tayari amepiga magoti kwenye mkeka, anapima mkono wa kwanza.

Si wote waliocheka. Melania, aliyekuwa na pacha wawili, aliambiwa kuwa wanawe wote wawili wametoka kwenye nyekundu.

"Jana mlisema wanakufa," alisema. "Leo wamepona kwa karatasi?"

"Hawakuwa wanakufa," alijibu Mwalimu. "Karatasi yangu ilikutisha bure. Nakuomba radhi."

"Na maziwa?"

Mwalimu alichuchumaa mbele yake. "Maziwa yanakwenda kwa walio chini ya kumi na moja. Wanao wataendelea kupimwa kila wiki."

Melania alitazama upande wa pili wa mkeka. Pale Merina alikuwa amemshika mtoto wa miaka miwili, Shukrani, aliyeletwa na nyanya yake, mkono wake umepwaya ndani ya tepe. Sentimita kumi na milimita tatu, kwa kipimo cha kweli. Kwa karibu wiki tatu alikuwa akipata theluthi ya haki yake.

"Basi mpeni huyo," Melania alisema, akafunga pacha wake, mmoja mgongoni na mmoja kiunoni, akaondoka bila kuaga.

Mwisho wa siku walibaki kumi na mmoja. Shukrani alianza kupata kikombe kizima asubuhi na jioni. Wiki ya pili alikuwa kumi na milimita saba. Wiki ya tano alivuka kumi na moja, na Frida alipoisoma namba hiyo alimwita Merina aje aisome tena, kisha Mwalimu, kisha nyanya mwenyewe ambaye hakujua kusoma lakini aliinama akatazama palepale alipoonyeshwa.

Mwezi wa nane shangazi yake Merina na watu wake wote waliandikishwa kwenda kambini, na Merina akaandikishwa nao. Alikwenda Katubuka kuaga. Mwalimu alimpikia ugali wa muhogo na samaki aina ya migebuka, wakala pamoja. Wakati wa kuondoka alimpa rula yake ya mbao, ile ya darasani, ya mita nzima. Merina akacheka akauliza ataibeba vipi kwenye lori.

"Wakikusimamisha wima, nayo isimame nawe," alisema Mwalimu Skolastika.

Habari zilikuja baadaye kwamba amepata kazi kwenye maabara ya kambi. Mwalimu hakushangaa. Kila aliyekaa chumba chake cha mbele kusubiri kadi ya harusi alisimuliwa habari za mwanamke aliyekaa siku mbili mbele ya mashine bila kuigusa. Na Gungu, mteja akimletea Pastory redio inayokoroma, fundi yule alivuta kwanza daftari, akamuuliza inakoroma saa ngapi.